Kufunga redio ya gari mwenyewe: maandalizi kabla hujagusa waya

Juzi nilimsaidia shemeji yangu pale Uyole, Mbeya. Toyota yake ilikuja na redio ya Kijapani, FM inaishia 90, na stesheni zetu zinaenda mpaka 108, kwa hiyo alikuwa anashika mbili tatu tu. Kanunua ya Android tukafunga wenyewe. Kufunga kwenyewe ni muda mfupi, kazi iko kwenye maandalizi.

1. Pima tundu la redio kwenye dashibodi. Kabla hujaenda sokoni Mwanjelwa kununua, shika rula. Toyota nyingi tundu ni sentimita 20 kwa 10, redio nyingi za dukani ni 17.8 kwa 10. Ukichukua hiyo ndogo chukua na fremu yake.

2. Vifaa. Spana namba 10, bisibisi ya nyota, kipande cha plastiki cha kubandulia, mita ya dijitali ya kupimia umeme, na plagi ya kuunganishia inayoendana na gari lako. Plagi ya gari usiikate, hapo mimi sibishani na mtu, ukiikata leo siku ukitaka kurudisha redio ya zamani unaanza kuunga waya mojamoja.

3. Toa paneli, ile plastiki inayozunguka redio. Subiri jua litoke. Kwetu huku Juni na Julai asubuhi plastiki imekakamaa kwa baridi, ukivuta klipu zinakatika. Swichi ya hazadi (taa za dharura) ina plagi yake kwa nyuma, ichomoe taratibu.

4. Tafuta waya wa moto wa kudumu na waya wa switchi. Hapa tulieni jamani. Redio mpya ina waya wa njano, huo unataka moto muda wote ili ikumbuke saa na stesheni, na mwekundu unaotaka moto ukiwasha switchi tu. Mweusi ni ethi, yaani hasi inayorudi kwenye bodi. Kwenye Toyota nyingi upande wa gari moto wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, switchi ni kijivu, ethi ni kahawia, ila usiamini rangi, gari la mtumba huwezi kujua nani alishaligusa. Weka mita kwenye DC 20 (volti), ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, nyekundu kwenye pini ya plagi ya gari. Pima mara tatu: ufunguo umetoka, ufunguo kwenye ACC (pale redio inawaka injini ikiwa imezimwa), halafu taa zimewaka. Unaosoma kama volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ndio wa njano. Unaosoma sifuri halafu unapanda kwenye ACC ndio wa mwekundu. Unaopanda ukiwasha taa ni wa mwanga wa vitufe, uache. Gari langu la kwanza nilipima switchi ikiwa imewashwa muda wote, waya zote mbili zikasoma 12, nikaunga mwekundu kwenye moto wa kudumu. Redio haikuzima usiku kucha, asubuhi nageuza ufunguo nasikia tik tik tik basi, ikabidi majirani wasukume. Na ncha moja ya mita isiguse pini mbili kwa pamoja, fyuzi inaondoka.

Waya za spika hasi zake usizipeleke kwenye bodi, redio inaungua.

5. Chomoa hasi ya betri, ndio uanze kuunga.

6. Jaribu ikiwa nje. Rudisha betri, iwashe ikiwa imelala kwenye kiti juu ya kitambaa, sikiliza spika mojamoja. Zima, toa ufunguo, kaa kidogo uwashe tena. Saa ikiwa bado ni ileile, rudisha paneli.