Paka akileta kitoto cha sungura wa porini

Paka wako akiingia barazani na kitoto cha sungura mdomoni, mfungie paka chumbani kwanza, kisha ukichukue kitoto hicho kwa kitambaa safi na kukikagua penye mwanga, hasa shingoni na mgongoni, ambako tundu la jino hujificha ndani ya manyoya na kuonekana kama nukta tu. Nukta hiyo ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa mate ya paka yana bakteria wanaoweza kukiua kitoto ndani ya siku chache. Kipelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kisicho na jeraha kirudishwe jioni kwenye kichaka kilikotoka, paka akiwa ndani. Usidhani kimetelekezwa: sungura wengi wa porini wa Afrika Mashariki huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi, na mama huwaacha wanawe mafichoni mchana kutwa, akarudi usiku kuwanyonyesha. Hadi jioni hiyo, kiweke ndani ya boksi lenye nyasi kavu, mahali penye giza na utulivu, wala usikipe maziwa ya ng'ombe (huruma husukuma, najua), kwa sababu yatakiharisha.