Jinsi ya Kuiuliza Serikali Kuhusu Sera ya Usimbaji Fiche

Muuguzi wa Kondele anayetuma majibu ya maabara kwa WhatsApp, mweka hazina wa chama kule Njoro, wakili wa Kakamega: wote wanategemea usimbaji fiche, yaani jumbe zilizofungwa tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, asizisome mtu wa kati. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inataja usimbaji fiche miongoni mwa njia za kulinda taarifa za watu. Upande wa pili, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inawaruhusu polisi kuomba amri ya mahakama ili wapate data. Kati ya sheria hizo mbili, serikali inafuata sera gani? Mwananchi ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.

Kwanza chagua mlango. Masuala ya kampuni za simu na leseni yapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ya sera kwa ujumla, wizara inayosimamia mawasiliano. Ukikosea ofisi usihangaike: sheria inaitaka ihamishe ombi lako ndani ya siku 5 hadi panapohusika.

Kisha andika barua, kwa Kiswahili ukipenda, maana sheria inaruhusu. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa na kupewa nakala. Mwandikie mkuu wa taasisi, kwa kuwa ndiye afisa wa upatikanaji wa habari kisheria. Ambatisha nakala ya kitambulisho, kwani haki hii ni ya raia. Huhitaji kueleza sababu.

Hapa kwenye maneno ndipo ombi hufaulu au hufa. Ukiuliza "Je, serikali inasoma WhatsApp yetu?" utajibiwa sentensi moja isiyokusaidia. Omba hati. Kwa mfano:

"Naomba nakala ya sera, miongozo na nyaraka za ndani zinazoeleza msimamo wa taasisi yenu kuhusu huduma za mawasiliano zilizosimbwa, zilizotolewa tangu Januari 2018. Naomba pia masharti yoyote ya leseni yanayomtaka mtoa huduma kufungua mawasiliano yaliyosimbwa. Palipo na siri ya usalama wa taifa, naomba sehemu hiyo ifichwe nipewe iliyosalia."

Sentensi ya mwisho usiiache. Usalama wa taifa ni sababu halali ya kunyimwa chini ya kifungu cha 6, na ofisi inaweza kuitumia kufunika faili zima. Ukishaomba sehemu, afisa hana budi kukueleza kwa nini hata ukurasa mmoja hautoki.

Barua iwe na nakala mbili. Ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa baruapepe, hifadhi uthibitisho. Hulipi chochote kuomba, ila unaweza kutozwa gharama ya kunakili hati.

Wana siku 21 za kukujibu, na wanaweza kuongeza siku 14 mara moja. Ombi linalogusa uhai au uhuru wa mtu hujibiwa ndani ya saa 48. Muda ukipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hilo linakupa nguvu ya kusonga mbele.

Una siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya na Ombudsman, yaani Tume ya Utawala wa Haki, ambayo ina ofisi Kisumu. Peleka barua yako yenye muhuri na jibu lolote ulilopata. Tume hiyo inaweza kuamuru hati zitolewe, hata fidia ilipwe. Usiporidhika na amri yake, kata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 21. Mahakama hiyo inaketi Kisumu, Nakuru na Kakamega pia, kwa hiyo si lazima upande basi la Nairobi.