Somo: Kufunga kabureta ya Weber 32/36 kwenye Hilux 22R ya petroli na gesi

Pikapu za Hilux zenye injini ya 22R (cc 2366) zilizofungwa gesi asilia hapa Dar es Salaam, nyingi bado zina kabureta ya Aisan ya kiwandani. Shafti zake zikishalegea, hewa inaingia kwa wizi na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii hata ufunge ripea kiti (seti za kukarabati kabureta) tatu. Weber 32/36 ni mbadala mzuri, ila kwenye gari la mafuta mawili kazi haiishii kwenye kabureta.

Elewa hili kabla ya kushika spana: ukitembelea gesi, jeti za kabureta (vitundu vya kupimia petroli) hazifanyi kazi yoyote. Kabureta inabaki kuwa mlango wa hewa tu, na gesi inavutwa na miksa (kifaa cha kuchanganya gesi na hewa) iliyokaa juu yake. Kwa hiyo petroli inasetiwa kwenye kabureta, gesi inasetiwa kwenye kipunguza presha na skrubu ya hozi ya gesi. Anayebadilisha jeti ili gesi ivute anaharibu petroli bure.

Vifaa: Weber 32/36 yenye choki ya mkono (DGV), adapta ya 22R ya vipande viwili na gasketi zake, miksa iliyotengenezwa kwa mdomo wa Weber, hozi mpya ya petroli na klipu, geji ya presha ya mafuta, gundi ya kufungia nyuzi za bolti. Miksa ya zamani usiirudishe. Mdomo wa Aisan ni wa duara, wa Weber ni wa pembe nne.

1. Funga vali ya mtungi, acha injini iunguze gesi iliyobaki kwenye mabomba mpaka izime, kisha toa waya wa betri. Upande wa presha kubwa (mtungi unajazwa hadi baa 200) usiuguse kabisa. Utakachofungua ni hozi laini ya kwenda kwenye miksa tu.

2. Toa Aisan. Ziba tundu la manifodi kwa kitambaa safi papo hapo, maana nati moja ikidondoka humo utafungua silinda hedi. Kwangua gasketi ya zamani yote.

3. Funga adapta ya chini. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bolti zake zinazama ndani ya bamba, na bamba la juu linazifunika. Zikilegea baada ya wiki mbili huzioni. Unasikia tu sailensa ikipanda na kushuka. Safisha nyuzi, weka tone moja la gundi kila bolti, kaza kwa msalaba. Pitisha kidole juu yake: kichwa cha bolti kisijitokeze hata kidogo.

4. Weka bamba la juu, kisha kabureta. Fungua vali za hewa kwa mkono mpaka mwisho. Zikikwaruza gasketi, ikate upya. Usikaze kupita kiasi, kitako cha alumini kinapinda.

5. Unga kebo ya mafuta. Mtu akanyage pedali mpaka chini, wewe chungulia kooni: vali zote mbili zisimame wima.

6. Pima presha ya petroli. Weber haipendi zaidi ya 3.5 PSI, ikizidi, sindano ya kufunga petroli inashindwa na kabureta inafurika. Weka regyuleta, iseti kati ya 2.5 na 3. Vali ya umeme ya kukata petroli ibaki kati ya pampu na kabureta.

7. Funga miksa na eakilina. Bandika udongo laini juu yake, shusha boneti polepole, fungua uone umebonyea wapi. Adapta inapandisha kabureta, na boneti hugusa.

8. Anza na petroli, injini ikiwa ya moto. Skrubu ya sailensa: iguse tu wenzo, kisha ongeza mzunguko mmoja, isizidi mmoja na nusu. Skrubu ya mchanganyiko: mizunguko 2 kutoka mwisho. Ifunge mpaka injini itetemeke, irudishe mpaka itulie. Ikitulia ikiwa chini ya mzunguko mmoja na nusu, jeti ya sailensa ni kubwa. Ikizidi miwili na nusu, ni ndogo. Jeti za kawaida (koo la kwanza, kisha la pili) ni 60 na 50 za sailensa, 140 na 140 kuu.

9. Hamia gesi. Swichi ya kuchagua petroli au gesi iweke katikati kwanza mpaka bakuli la petroli likauke na injini ianze kukosa, ndipo uweke gesi. Sailensa isetie kwenye kipunguza presha. Kisha shikilia mizunguko kama 3000, funga skrubu ya hozi mpaka injini ishuke, fungua mpaka ishuke tena, rudi katikati, ongeza kidogo upande wa kufungua. Skrubu za kabureta usiziguse tena.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kwa nini usifunge yenye choki ya umeme?*
Kwa sababu choki iko chini ya miksa. Ukiwasha kwa gesi choki ikiwa imefunga, mvuto kwenye miksa unapotea na gari haliwaki. Ya mkono unaifungua mwenyewe.

*Mkuu, yangu kwenye gesi inapiga mshindo na eakilina imepasuka.*
Gesi ni chache au cheche ni dhaifu. Badili plagi, gepu iwe milimita 0.7, kagua waya za plagi na kifuniko cha distribyuta, kisha rudia hatua ya 9. Na eakilina ya plastiki iwe na mlango wa kutolea mlipuko.

*Kwenye gesi inatoa moshi mweusi.*
Petroli bado inapita. Chomoa hozi kwenye kabureta, iingize kwenye chupa, zungusha starta swichi ikiwa kwenye gesi. Likidondoka hata tone, vali ya umeme ina uchafu au imekufa.

*Taimingi (muda wa cheche) niongeze? Gesi inaungua polepole.*
Ongeza digrii 2 au 3 juu ya ya kiwandani, kisha panda mlima kwa petroli. Ikigonga, rudisha.

*Natumia gesi tu, kuna shida?*
Bakuli likikaa kavu, daiframu ya pampu ya kabureta inakakamaa na kupasuka. Tembelea petroli kilomita chache kila wiki.