Somo: Kutoka Dar kwenda Lushoto, usiku ukikukuta njiani ulale wapi

Mume wangu ni Msambaa wa Mlalo, mimi nimekulia Tabata. Mwaka wa kumi na moja huu tunapanda milima ile ya Usambara kila Desemba, na Juni pia pesa ikiruhusu. Tulianza wawili, tukapanda na mtoto mgongoni, sasa tuko watano. Wengi wananiuliza hoteli nzuri ya Lushoto ni ipi. Nitafika huko, ila kulala Lushoto hakujawahi kunipa shida. Shida ni pale saa moja usiku, uko Segera, watoto wamechoka wanalia, na mlima wenyewe bado hujauona. Nimeandika somo hili kwa ajili ya usiku huo.

Hatua ya 1: Hesabu jua, usihesabu kilomita

Dar mpaka Korogwe ni kama kilomita 300. Korogwe mpaka Mombo ni kama 40, na kutoka Mombo kupanda mpaka Lushoto mjini ni 33 tu. Ukizitazama hivyo utasema mchana mmoja unatosha, na kweli unatosha ukipanda basi la alfajiri pale Kituo cha Magufuli, Mbezi. Lakini wengi wetu hatutoki alfajiri. Kuna anayesubiri mtoto atoke shule, kuna anayesubiri mshahara uingie. Halafu kuna Kibaha, Mlandizi na mizani ya Vigwaza, mmejipanga nyuma ya malori, saa mbili zimepotea hata Chalinze hamjaiona. Wenye gari binafsi wanaokaa Tegeta, Bunju na Boko wapite Bagamoyo watokee Msata, kipande hicho chote wanakikwepa.

Kanuni yangu ni hii: saa kumi jioni ikikukuta hujafika Korogwe, usiku huo usipange kulala juu. Tafuta pa kulala bondeni, upande asubuhi.

Kuna wanaoniona mwoga. Barabara ya Mombo kwenda Soni ni ya lami na ni nzuri, lakini ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na kona zake hazina idadi. Mchana unaiona kosta inayoshuka tangu mbali. Usiku unaona taa zake zimeshafika usoni. Ukungu ukishuka hata hizo taa huzioni. Masika moja tulikuta udongo na mawe vimeporomoka vikakata barabara kabla ya Soni, tukalala ndani ya kosta tumekaa, mtoto nimemfunika khanga mbili na bado anatetemeka. Asubuhi kulipopambazuka ndipo nikaona tulikuwa tumeegesha wapi. Tangu siku hiyo sijapanda usiku tena.

Hatua ya 2: Jua kila mji unafaa kwa nini

Chalinze na Msata: gesti zipo nyingi, lakini ni za madereva. Malori yananguruma usiku kucha. Lala huko gari likikuharibikia tu.

Segera: ni njia panda, mkono mmoja Tanga, mwingine Korogwe. Utapata chakula. Kulala, jikaze hizo kilomita ishirini ufike Korogwe.

Korogwe: hapa ndipo ninapolala mimi. Mji una benki, duka la dawa, hospitali, soko, na gesti za kila bei. Mara ya mwisho nililipa 25,000 kwa chumba cha selfu, yaani choo na bafu ndani, chai asubuhi ikiwemo. Usichukue gesti inayotazama barabara kuu. Mwambie wa bodaboda akupeleke mitaa ya ndani, upande wa Manundu, na umwambie kabisa: "Nataka isiyo na baa." Ukisema "nzuri" tu, atakupeleka pale anapopewa chochote.

Mombo: uko miguuni pa mlima. Uzuri wake ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi kosta za Lushoto zinaita abiria mlangoni kwako. Ubaya wake ni joto na mbu. Chini pale ni nyanda za mkonge, upepo hakuna. Ukilala Mombo, feni na neti ni lazima. Kama umeme umekatika na hawana jenereta, rudi Korogwe au vumilia.

Soni: nusu ya njia ya kupanda, penye maporomoko ya maji. Hapa hewa imeshabadilika, unavuta pumzi mpaka chini. Karibu na hapo ni Sakharani, misheni ya Wabenedikto, wanaolima makadamia na kutengeneza mvinyo, nao wana nyumba ya wageni. Ni mahali pa utulivu kweli. Ila piga simu kabla, kwa sababu si gesti ya kubisha hodi saa tatu usiku.

Hatua ya 3: Piga simu mara mbili

Mwaka mmoja nilituma pesa ya chumba siku tatu kabla, nikatumiwa ujumbe "karibu sana". Tulipofika saa mbili usiku, chumba kilikuwa kimepewa wageni wa harusi. Pesa nilirudishiwa kwa tabu, na usingizi nikaukosa. Siku hizi nafanya hivi: napiga siku moja kabla kuuliza nafasi, halafu napiga tena nikiwa Mkata au Kabuku, kabla ya Segera, nikiwa ndani ya gari, niseme "niko njiani, nafika saa fulani, chumba namba ngapi?" Akikutajia namba, ujue ameshakuandika. Akisema "njoo tu, vyumba vipo", tafuta namba ya gesti ya pili kabla mtandao haujapotea.

Pesa yote usitume. Ya kushikia chumba inatosha, nyingine ulipe ukishakiona.

Hatua ya 4: Kikague chumba kabla ya kulipa

Hapa naomba msiharakishe hata kama mmechoka. Mwache mwenzako na mizigo mapokezi, wewe mfuate mhudumu. Akishawasha taa, usitazame pazia wala maua ya plastiki. Ninavyofanya mimi ni hivi.

Nafungua bomba na kulisikiliza. Likikohoa hewa, maji hayapo, kuna ya ndoo. Ndoo si dhambi, ila nijue mapema. Navuta choo. Nafunga mlango kwa ndani na kuuvuta kwa nguvu, kitasa kikicheza natafuta komeo, na komeo lisipokuwepo naomba chumba kingine. Halafu godoro. Funua shuka lote mpaka kwenye sponji, weka ngumi katikati ubonyeze. Sponji iliyokufa inashuka na haipandi, unabaki unalitazama shimo la ngumi yako. Ukilala hapo, asubuhi mgongo utakudai. Angalia pindo za godoro na nyufa za kitanda, alama ndogo nyeusi kama zimedondoshwa wino maana yake ni kunguni. Ukiziona, aga kwa adabu uondoke, na begi usiliweke kitandani hata dakika moja. Mwisho shusha neti, usimame katikati yake utazame juu kwenye taa. Matundu yataonekana yenyewe. Tundu moja au mawili nafunga fundo kwa mpira wa nywele.

Ukiridhika, lipa na uchukue risiti. Utaletewa kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho. Jaza kweli. Kikitokea kitu usiku, ushahidi kwamba ulikuwepo ni kitabu hicho.

Hatua ya 5: Panda asubuhi

Kunywa chai nyepesi. Kona za Soni zinawachafua watoto tumbo, na wakubwa pia. Mimi nabeba tangawizi ya kutafuna na mifuko miwili, naomba kiti cha mbele. Kufika Soni mtaona wanawake wana beseni za peasi, plamu na parachichi, kutegemea msimu. Nunua hapo, mjini bei inapanda.

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani waliiita Wilhelmstal, walikuja kukimbia joto la pwani kama mnavyokimbia ninyi. Gesti za mjini kati ni rahisi na ziko karibu na stendi na soko. Anayetaka mandhari aende upande wa Irente, kilomita tano sita hivi kutoka mjini, penye ukingo wa mlima. Unasimama pale, chini yako ni Mazinde na mashamba ya mkonge, malori yanaonekana kama siafu. Kuna shamba huko wanakouza jibini na mkate wao, na kuna pa kulala na pa kupiga hema. Huku juu kanuni za Mombo zigeuze: feni haina kazi, uliza blanketi na maji ya moto. Juni mpaka Agosti omba blanketi la pili mapema, kabla mhudumu hajaenda kulala.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto wawili, Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Mimi nasafiri peke yangu na watoto, baba yao yuko kazini. Gesti za Korogwe ni salama kwa mwanamke?

Marahaba mwanangu. Nimelala humo peke yangu na sikupata shida, ila nina masharti. Fika kabla ya giza. Chumba kiwe ghorofani au karibu na mapokezi, kisiwe cha nyuma mwisho wa korido. Mpigie mtu wa nyumbani mbele ya mhudumu, utaje jina la gesti na namba ya chumba kwa sauti. Kama kuna hosteli ya kanisa au ya taasisi ya dini mjini hapo, anza na hiyo. Haijalishi wewe ni dini gani, cha muhimu geti linafungwa na pombe hakuna.

Kijana wa Ubungo: Dada, si mabasi ya usiku yameruhusiwa tangu 2023? Kwa nini nisipande ya usiku nikafika alfajiri, nikaokoa pesa ya gesti?

Unaweza, mdogo wangu, ukiwa peke yako na begi moja. Uliza swali moja tu kabla ya kukata tiketi: basi linafika Mombo saa ngapi? Likikushusha saa tisa usiku, utakaa kibarazani na mbu mpaka kosta ya kwanza. Hiyo pesa ya gesti umeiokoa, lakini siku nzima ya kwanza Lushoto utalala. Likifika saa kumi na moja, panda bila wasiwasi.

Msomaji wa Mombasa: Habari dada. Sisi tutavukia Lunga Lunga, Horohoro, tukiwa familia. Hiyo njia yenu ya Chalinze haituhusu. Tulale wapi?

Salama kaka, karibuni. Nyinyi mna bahati, laleni Tanga. Mji umetulia, samaki mnawajua, na gesti zisizo na baa ni nyingi. Asubuhi mpite Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, na kabla ya adhuhuri mko Lushoto hata mkisimama kununua machungwa Muheza. Mkivuka mpaka asubuhi na mapema na mna gari lenu, mnaweza kuunganisha siku hiyo hiyo, lakini kanuni ya saa kumi Korogwe inawahusu na nyinyi. Badilisheni pesa kabla ya kupanda mlima.

Mzee wa Mbagala: Mwalimu, mimi nina miaka 71 na nina presha. Huo mlima utaniweza?

Shikamoo baba. La presha muulize daktari wako kabla ya kufunga begi, na dawa zako uzibebe mfuko wa mkononi, zisikae kwenye buti. Kuhusu kulala, wewe usiende moja kwa moja. Lala Korogwe siku ya kwanza, panda taratibu ya pili, na chukua gesti ya mjini Lushoto, usichukue ya Irente. Mji wenyewe una vilima, omba chumba cha chini kisicho na ngazi. Baridi ya asubuhi ni kali kwa aliyezoea Mbagala, hivyo soksi na kofia ya kulalia usisahau.

Wanafunzi watatu, Mlimani: Tunataka kutembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae. Tutalala wapi kule ndani?

Hii njia naipenda mno. Watu wengi huitembea kwa siku tatu au nne. Pale Rangwi masista wana nyumba ya wageni, na wanaopita kwa miguu huipitia kwa kawaida. Wapigieni simu kabla, kwa sababu chakula chao hupikwa kwa idadi ya watu waliotegemewa. Mtae kijijini kuna gesti ndogo, za kawaida kabisa, maji ya ndoo, lakini mkifungua mlango asubuhi mnaona mlima umeishia miguuni mwenu na tambarare ya Mkomazi imelala chini mpaka macho yanashindwa. Chukueni kiongozi wa njia Lushoto mjini, mwenye kitambulisho, kwa sababu vijia vya msituni vinagawanyika na anayejua Kisambaa atawaombea hata maji ya kunywa. Na mkishafika Mtae, usiku huo huo ulizeni basi la kurudi. Mabasi ya kule huondoka giza bado halijatoka. Mwambieni mwenye gesti awagongee mlango, na mlipe chumba usiku, asubuhi hakutakuwa na muda wa kutafuta chenji.