Kumtafuta babu wa Quebec: panda ngazi kwa ndoa

Baba wa wanangu ni mtu wa Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa. Siku mkubwa aliponiuliza, "Mama, kwa baba sisi ni akina nani?" nilikosa jibu, nikaanza kufungua vitabu vya parokia, vile vya kanisa vinavyoandika ubatizo, ndoa na mazishi. Tangu hapo nimewasaidia majirani kadhaa, na njia ni hii.

Hatua ya 1. Anzia kwa wazee walio hai. Waulize jina la parokia, maana jina la mji peke yake halitoshi. Waulize pia bibi alizaliwa na jina gani.

Hatua ya 2. Tafuta ndoa. Wengi hukimbilia ubatizo, lakini kwenye ndoa paroko aliandika baba na mama wa pande zote mbili, na mara nyingi parokia zao. Ukishawapata wazazi, tafuta ndoa yao, kisha ya wazazi wao. Kila ndoa inakupandisha kizazi kizima. Tena mwanamke haandikwi kwa jina la mume. Hubaki na jina la kwao hadi kaburini, kwa hiyo upande wa mama haupotei. Ukikuta mjane ameandikiwa jina la marehemu badala ya wazazi, rudi kwenye ndoa yake ya kwanza.

Vitabu hivi vilipigwa picha na Taasisi ya Drouin miaka ya 1940. Chuo Kikuu cha Montréal nacho kina hazina iitwayo PRDH, inayounganisha ubatizo, ndoa na mazishi kuanzia 1621. Zote zimo kwenye intaneti, ila sehemu kubwa ni ya kulipia.

Hatua ya 3. Ukoo ukikatika ghafla, shuku jina. Koo nyingi zilikuwa na majina mawili yaliyounganishwa kwa neno *dit*, yaani "aitwaye": Hudon dit Beaulieu. Kaka anaweza kuandikwa Hudon, mdogo wake Beaulieu. Waliokwenda viwanda vya nguo vya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, majina yao nayo yalitafsiriwa kwa Kiingereza: Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King.

Hatua ya 4. Usiishie kwenye tarehe. Tazama chini ya ukurasa, kwenye sahihi. Zacharie Cloutier, seremala kutoka Mortagne, Ufaransa, aliyefika mwaka 1634, hakujua kuandika, alichora shoka. Leo Wakanada wengi mno wenye asili ya Kifaransa wametokana naye. Kisha nenda kwenye hati za notari, yaani mwanasheria aliyeandika mikataba na mirathi. Mara nyingi mtu alipofariki, notari aliingia nyumbani akahesabu sufuria, blanketi, ng'ombe. Hapo ndipo babu anapata uso.

Hatua ya 5. Kama ukoo wako unafika mwanzoni kabisa, kumbuka kanisa la mji wa Quebec liliungua mwaka 1640 pamoja na vitabu vyake, vikaandikwa upya kwa kumbukumbu za watu. Tarehe za kabla ya hapo zilinganishe na hati nyingine.

Utakutana pia na neno *ondoyé*: mtoto aliyebatizwa haraka nyumbani, mara nyingi na mkunga, kwa sababu alikuwa anakufa. Pengine mstari unaofuata ni mazishi yake, na mahali pa jina pameandikwa *anonyme*, yaani "asiye na jina". Nilipomwona wa kwanza nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Muandike naye kwenye mti wako, chini ya mama yake, hata kama ulicho nacho ni tarehe tu.