Jinsi ya Kufunga Kamera za Ulinzi Zisizotumia Waya Katika Banda Lisilofikiwa na Waifai

Wengi wanaotaka kamera kwa ajili ya banda la kuku, stoo ya mazao au chumba cha pampu huanza kwa kuuliza bei ya kamera. Swali hilo ni la haki, lakini limekuja mapema mno. Banda lililo mbali na nyumba lina maswali mawili yanayopaswa kujibiwa kwanza: picha itatokaje pale hadi kwenye simu ya mwenye mali, na umeme wa kuilisha kamera usiku kucha utatoka wapi. Ukishayajibu hayo mawili, kamera inayofaa hujichagua yenyewe, na fedha yako haitaishia kwenye kifaa kizuri kisicho na pa kushika mtandao.

Nieleze pia jambo linalochanganya watu madukani. Kamera inayoitwa ya bila waya haina waya wa picha tu, ila umeme bado inauhitaji. Na banda kutokuwa na waifai hakumaanishi kwamba kamera haiwezi kurekodi, kwa sababu kamera nyingi hurekodi kwenye memori kadi iliyomo ndani yake hata pasipo mtandao wowote. Kinachokosekana ni uwezo wa kuona ukiwa mbali na kupata taarifa papo hapo.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa banda la kuku wa mayai lililo mita 200 nyuma ya nyumba, lenye paa la bati, kuta za tofali hadi kiunoni na wavu juu yake, lisilo na umeme. Mabanda ya namna hii yamejaa kuanzia Kibaha na Mkuranga hadi Kiambu, na mwenye stoo ya mahindi atafuata hatua zile zile.

Hatua ya 1: Pima eneo kabla ya kununua chochote

Simama mahali hasa utakapofunga kamera, si kwenye uwanja ulio jirani napo. Toa simu ya Android yenye laini ya 4G, fungua mipangilio, ingia sehemu ya taarifa za simu kisha hali ya laini, utaona nguvu ya mtandao ikiandikwa kwa dBm pamoja na alama ya kutoa. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo na nguvu: -85 ni nzuri, -105 inavumilika, na ikifika -115 tarajia picha inayokatika. Rudia kipimo kwa laini za mitandao tofauti, kwa maana mtandao unaotamba mjini unaweza kuwa dhaifu shambani kwako kwa sababu tu mnara wake uko nyuma ya kilima.

Halafu pima spidi, na hapa ndipo wengi hukosea kusoma. Simu ya kawaida hupokea zaidi kuliko inavyotuma, lakini kamera hutuma. Tazama spidi ya kupandisha, nayo isipungue megabiti 2 kwa sekunde ukitaka picha safi ya moja kwa moja. Pima mchana, kisha pima tena kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati watu wengi wako kwenye simu zao na mnara umeelemewa.

Mwisho, angalia kama ukisimama kwenye kona ya banda unaiona nyumba waziwazi, bila mwembe, nguzo wala paa la jirani katikati.

Hatua ya 2: Chagua njia ya picha

Njia ya kwanza ni kuivuta intaneti ya nyumbani hadi bandani kwa jozi ya antena za nje zinazotazamana, kama zile za CPE510 za TP-Link au NanoStation za Ubiquiti. Antena moja hufungwa nyumbani na kuunganishwa na ruta, nyingine hufungwa bandani na kuunganishwa na kamera. Kwa mita 200 ni kazi nyepesi kwao, ilimradi zinaonana. Kuonana huko si kwa macho tu, kwa kuwa mawimbi ya 5 GHz yanahitaji uwazi kuuzunguka mstari unaounganisha antena hizo, na kwa umbali huu acha walau mita 1 kila upande katikati ya safari. Tawi linalogusa eneo hilo leo litakuwa kichaka baada ya masika. Kama nyumbani tayari unalipia intaneti ya mwezi na banda linaonekana, mimi ningechagua njia hii bila kusita, maana hutanunua bando la pili na unaweza kuongeza kamera nyingine bila gharama ya mtandao.

Njia ya pili ni kamera yenye laini yake, ile inayouzwa kama kamera ya 4G. Hii ndiyo suluhisho la shamba lililo mbali na nyumba au la nyumba isiyo na intaneti. Kabla ya kulipa, soma kwenye boksi ni masafa gani inayapokea. Mitandao yetu ya Afrika Mashariki hutumia sana 800 MHz na 1800 MHz, yaani bendi ya 20 na ya 3, ilhali kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kuwa na bendi za huko peke yake, na hapa haitashika mnara hata ukiweka laini nzuri namna gani. Hakikisha pia kwamba kamera inaunganishwa na simu kwa kusoma msimbo wa QR na kupitia seva ya mtengenezaji. Mitandao ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje, hivyo kamera inayokutaka uifungulie mlango wa mtandao (port) kwenye ruta haitafanya kazi kwenye laini.

Njia ya tatu ni kurekodi palepale bila kuangalia ukiwa mbali. Inamfaa anayetaka ushahidi baada ya tukio, lakini mwizi akiondoka na kamera ameondoka na ushahidi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umeme

Kamera ya 4G inayofanya kazi saa zote hutumia takribani wati 5, ambazo kwa saa 24 ni Wh 120 (wati-saa, yaani wati zikizidishwa kwa saa). Paneli ya wati 60, ikipata saa 4 za jua kali na ukatoa hasara za joto, vumbi na waya, itakupa karibu Wh 170 kwa siku. Betri ya lithiamu ya volti 12 na Ah 30 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) ina karibu Wh 380, yaani siku tatu za mawingu mazito bila kuzima. Ukichagua antena za kuonana, ongeza matumizi ya antena ya bandani: jumla ikiwa wati 12, siku moja inakula Wh 288, na hapo fikiria paneli ya wati 120 na betri ya Ah 50. Betri ya asidi itakufaa pia, lakini usiishushe chini ya nusu ya chaji, kwa hiyo nunua yenye Ah maradufu.

Zipo kamera ndogo zenye betri ya ndani na kipaneli kidogo. Hizi hulala na kuamshwa na sensa inayohisi joto la kiumbe anayepita, na kwa kuwa kuamka kunachukua muda, sekunde za kwanza za tukio huweza kupotea. Kwa mlango wa stoo zinatosha, ila kulinda eneo lote kwa saa 24 kunahitaji kamera inayolishwa umeme mfululizo.

Paneli ielekee kaskazini kama uko Tanzania, ikiwa imeinamishwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Karibu na ikweta, kama Nairobi au Kampala, mwelekeo haubadilishi mengi, lakini mwinamo uache.

Hatua ya 4: Washa kila kitu mezani kwanza

Usipande ngazi na kifaa ambacho hakijawahi kuwaka. Weka laini kwenye simu ya kawaida, ondoa PIN inayodaiwa simu inapowashwa, unga bando na uhakikishe intaneti inafunguka, ndipo uihamishie kwenye kamera. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mwenye mali mwenyewe, si la fundi wala la kijana wa shamba, kwa sababu siku ikipotea atakayeirudisha ni aliyeisajili kwa alama za vidole vyake. Kamera ikikataa kuunganika, mara nyingi tatizo ni APN, jina linaloitambulisha laini kwa intaneti ya mtandao wake, na huduma kwa wateja watakutajia.

Kwa antena mbili, ya nyumbani iwe mtoaji na ya bandani iwe mpokeaji, zipe anwani tofauti zisizogongana na za ruta, chagua ulinzi wa WPA2, unaofunga mawasiliano yake kwa neno la siri, na upana wa chaneli wa 20 MHz. Zingatia volti. Antena nyingi za aina hii hulishwa volti 24 kupitia waya wa mtandao, ilhali kamera nyingi zinazolishwa kwa waya huo zinasubiri mfumo wa volti 48. Adapta zikibadilishana, kifaa hakiwaki au kinaungua, kwa hiyo bandika karatasi yenye jina kwenye kila adapta.

Hatua ya 5: Funga

Urefu wa mita 2.5 hadi 3 unatosha. Juu zaidi utapata picha za kofia badala ya nyuso, na chini zaidi mtu ataifikia kwa mkono. Kamera isielekee mashariki wala magharibi moja kwa moja, kwani jua la asubuhi au la jioni litaifumba macho saa ambazo watu hupita sana. Sensa ya joto huhisi vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia uso kwa uso, hivyo itazame njia kwa ubavu.

Antena ya kamera ya laini iwe nje ya bati, kwa kuwa mabati huzuia mawimbi. Ukitoboa paa, toboa kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde ambamo maji hupita, kisha ziba kwa silikoni. Waya unaoingia ndani uache uning'inie kidogo chini ya tundu kabla haujapanda kuingia, ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata hadi kwenye boksi. Betri na kidhibiti chaji, kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, usiviweke ndani ya chumba cha kuku, kwani amonia ya kinyesi na vumbi la randa hula viungio vya shaba. Vifungie kwenye boksi lisilopitisha maji upande wa nje wenye kivuli. Kwa walio katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi, fimbo ya kupeleka umeme ardhini na kinga ya radi kwenye waya wa antena ni lazima.

Antena za kuonana zielekezwe na watu wawili, mmoja akigeuza polepole na mwingine akisoma namba kwenye simu. Mkipata kati ya -50 na -65 dBm, kaza nati.

Hatua ya 6: Panga kurekodi na bando

Kamera inayotoa picha ya megabiti 1 kwa sekunde, usiku na mchana, hutengeneza GB 10.8 kwa siku. Ukiituma yote kwenye intaneti ya laini, bando la kawaida halitatosha. Kwa hiyo rekodi mfululizo kwenye memori kadi ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya kamera, ambapo GB 128 hukupa karibu siku 11, na mtandao ubebe matukio tu. Matukio 40 kwa siku ya sekunde 10 kila moja ni karibu MB 50. Kutazama moja kwa moja dakika 20 kwa siku kwa ubora wa chini, kilobiti 512, ni MB 77. Kwa mwezi jumla haifiki GB 4, na bando la namna hiyo watu wengi wanalimudu. Chagua mfumo wa kubana picha wa H.265 kama upo, na chora eneo la kuangaliwa kwenye programu ili kuku na matawi visiamshe taarifa.

Hatua ya 7: Linda kamera yenyewe

Badilisha neno la siri la kiwandani siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi nyingi sana duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Sasisha pia programu ya ndani ya kamera. Na waeleze wafanyakazi wako kwamba kamera ipo na inatazama wapi. Isielekee sehemu wanayolala au kuogea, wala uani kwa jirani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata pasipo sheria, mtu anayekulindia mali anastahili kuambiwa.

Hatua ya 8: Jaribu usiku, kisha tunza

Giza likiingia, mwombe mtu atembee kutoka lango hadi mlango wa banda huku wewe ukitazama ukiwa mbali kwa kutumia intaneti nyingine. Kama picha imefunikwa na weupe kama ukungu, huenda mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera huutumia gizani, unagonga bati au ukuta wa karibu na kurudi, basi sogeza kamera kidogo. Buibui ndiye adui wa kila wiki: uzi wake mmoja mbele ya lenzi, ambao mchana huuoni, usiku hung'aa kama kamba nyeupe inayopepea, na kila upepo ukiutikisa simu yako inapata taarifa. Fagia kwa brashi laini kila unapookota mayai ya mwisho wa wiki, futa paneli wakati wa kiangazi, na weka kwenye simu yako ukumbusho wa siku mbili kabla bando la kamera kuisha.