Jinsi ya kung'oa mathenge ili usichipue tena

Kikundi cha wafugaji karibu na Marigat, Baringo, kiliniita baada ya mvua. Eneo walilofyeka mathenge, mti vamizi wa miiba (Prosopis juliflora), wakati wa kiangazi lilikuwa limegeuka kichaka upya, na kila kisiki kimetoa fito nyingi palipokuwa na shina moja. Tulirudia kazi pamoja kwa utaratibu huu. Unafaa Baringo, na unafaa vilevile kwenye misitu ya kingo za Mto Tana.

1. Weka alama miti ya kubaki

Mgunga wa asili wenye maganda yaliyojikunja usiguswe. Maganda ya mathenge ni marefu, ya rangi ya manjano na matamu, na maua yake yamejipanga kama mkia mwembamba. Funga kitambaa kwenye kila mgunga kabla panga halijatoka alani.

2. Anzia pembeni

Acha kichaka kikubwa kwanza. Ng'oa miche iliyotawanyika kwenye malisho na kando ya lagha (mkondo wa mto wa msimu), udongo ukiwa na unyevu. Vaa viatu vya soli nene, kwa kuwa mwiba wa mathenge hutoboa hata tairi.

3. Kisiki

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Ukikata mathenge usawa wa ardhi, hujaua kitu. Macho ya kuchipua yamejificha kwenye shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, chini ya udongo. Lazima ukate chini ya shingo hiyo.

Kata matawi, kisha shina, ukiacha kipande cha kufika kiunoni ili upate pa kushikia. Fukua kulizunguka kwa jembe hadi uone mizizi ya pembeni inapoanzia. Kwa mti mchanga, kina cha sentimita 10 hadi 30 kwa kawaida hutosha. Mti mkubwa, au uliofukiwa na mchanga wa mafuriko, unadai zaidi, kwa hiyo fuata shingo ilipo, usifuate rula. Kata mizizi ya pembeni, kisha mzizi mkuu, halafu sukuma kile kipande ulichokiacha mpaka kisiki kitoke. Kigeuze mizizi iangalie jua.

Mti uliokwisha kukatwa zamani ni mgumu zaidi, maana shingo imetanuka na fito zinazuia jembe. Ondoa fito zote kwanza. Mimi hutumia sururu na mtaimbo. Msumeno wa injini ni mzuri kwa shina, lakini ukiushusha kwenye udongo mnyororo unakufa mara moja. Moto siutaki: unaua miche, lakini miti mikubwa huchipua tena, na migunga michanga inaungua bure. Oili chafu ya kuulia kisiki usimwage kabisa karibu na mto au kisima.

Wachoma mkaa ni wenzetu, ila kubalianeni mapema kwamba anayechukua shina anang'oa na kisiki.

4. Maganda

Mbuzi akila ganda, mbegu hupita tumboni nzima na kuota penye kinyesi. Maganda yakiwa chakula chake kila siku, sukari yake huharibu meno; mwaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa Baringo, walileta mahakamani Nairobi, kama ushahidi, mbuzi aliyepoteza meno kwa sababu hiyo. Okota maganda, yaanike yakauke kabisa, kisha yasage hadi mbegu zivunjike. Unga huo changanya na majani mengine. Mifugo iliyotoka kwenye mathenge ikae zizini siku kadhaa kabla ya kuingia eneo safi.

5. Panda nyasi

Usiache ardhi wazi. Sia mbegu za nyasi za kienyeji mvua inapokaribia, na uzuie mifugo mpaka zishike.

6. Rudi

Mbegu zilizobaki udongoni huota kwa miaka mingi. Pita kila baada ya mvua na uvute miche kwa mkono ingali laini. Mche uliopita goti unarudi hatua ya tatu.